Kasi ya prosesa kwa skripti: faili za Linux, PowerShell, Python au turbostat?

Anayenunua laptopu ya ex-UK kwenye maduka ya Oginga Odinga Street, Kisumu, huuliza mambo mawili: RAM ni ngapi na prosesa ni gani. "Core i5, 2.4 GHz," muuzaji anajibu, na kibandiko kinamuunga mkono. Lakini hiyo 2.4 ni kasi ya msingi tu, iliyopangwa kiwandani. Core i5-6300U, ambayo utaikuta kwenye laptopu nyingi za HP EliteBook 840 G3, hushuka hadi megahezi 400 inapotulia, na hupanda hadi gigahezi 3.0 ikipewa kazi na nafasi ya kupoa. Feni ikijaa vumbi, au pesti ya kupitisha joto ikikauka, haitafika 3.0, na pengine hata 2.4 itaishinda. Kibandiko hakisemi hayo. Skripti ya mistari miwili, yaani amri chache za kuendeshwa kwenye kompyuta yenyewe, inasema.

Tatizo ni kwamba njia za kuisoma kasi hiyo ni nyingi, na ukiziendesha kwenye mashine moja kwa wakati mmoja unaweza kupata majibu yasiyofanana kabisa. Moja inakupa 2400, nyingine 2890. Fundi wa Kondele, mwanafunzi wa Maseno na mwalimu anayetunza maabara ya kompyuta Kakamega hawahitaji njia ileile. Hapa nimechukua nne zinazotumika sana na kuzipima kwa vigezo vilevile.

Vigezo

Cha kwanza kinazidi vingine vyote: namba inatoka wapi. Kuna namba za aina tatu ambazo zote hujiita kasi ya sasa. Kuna iliyoandikwa kiwandani, ambayo haibadiliki hata prosesa ikiungua. Kuna iliyoombwa, yaani kasi ambayo mfumo umeiagiza prosesa iende, bila hakika kwamba imetii. Halafu kuna iliyopimwa.

Prosesa za Intel na AMD za miaka hii zina kaunta mbili kwa ajili ya kupima. Moja, MPERF, huhesabu kwa mwendo usiobadilika. Ya pili, APERF, huhesabu kwa mwendo halisi wa kiini (core), yaani kila sehemu ya prosesa inayofanya kazi kivyake. Kiini kikilala, zote mbili husimama. Gawanya ongezeko la APERF kwa ongezeko la MPERF, zidisha kwa kasi ya msingi, na umepata wastani wa kasi ya kweli kwa muda ambao kiini kilikuwa kazini. Namba nzuri nyingi utakazozisoma hapa chini zimezaliwa na hesabu hiyo. Kinachotofautiana ni nani anakufanyia hesabu, na anataka nini kutoka kwako.

Ndipo vinakuja vigezo vingine. Ruhusa: kwenye kompyuta ya saiba au ya shule, nenosiri la msimamizi mara nyingi huna. Usakinishaji: bando hununuliwa kwa pesa, na ukiwa na mashine za duka zima za kupima, kila kilobaiti ya kupakua huzidishwa kwa idadi yake. Kuhamishika: je, skripti hiyohiyo itafanya kazi kwenye Windows, Linux na Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja)? Na mwisho, uzito wa skripti yenyewe, kwa sababu skripti inayouliza kasi mfululizo bila kupumzika huiamsha prosesa na kuharibu kile inachokipima. Sekunde moja kati ya swali na swali inatosha kwa karibu kila kazi.

Faili za Linux

Linux huionyesha hali ya prosesa kama faili za kawaida za maandishi. Huhitaji programu yoyote ya ziada:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_cur_freq`

Kila mstari ni kiini kimoja kama Linux inavyovihesabu (kiini kimoja halisi kinaweza kuonekana mara mbili), na namba iko katika kilohezi, kwa hiyo 2900000 ni gigahezi 2.9. Anayependa megahezi moja kwa moja atatumia:

`grep MHz /proc/cpuinfo`

Namba inatoka wapi? Kwa prosesa za Intel na AMD, keneli (sehemu ya Linux inayosimamia maunzi) za miaka ya karibuni kwa kawaida hukufanyia ile hesabu ya kaunta mbili, kwa hiyo unachosoma kimepimwa. Kiini kilicholala muda mrefu ndicho cha kutiliwa shaka, maana hakuna kipimo kipya cha kusoma na keneli hujaza pengo kwa namba nyingine. Kwenye bodi ndogo za ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye Raspberry Pi, mambo ni tofauti: `scaling_cur_freq` huko kwa kawaida ni kasi iliyoombwa, na `/proc/cpuinfo` haina kabisa mstari wa MHz. Ipo pia faili iitwayo `cpuinfo_cur_freq`, inayokusudiwa kutoa kasi kutoka kwenye maunzi yenyewe, lakini haipo kwenye kila mashine, na mahali ilipo huhitaji `sudo`, yaani ruhusa ya msimamizi.

Mwenye Raspberry Pi aiachie `vcgencmd measure_clock arm` kazi hii. Na aongeze `vcgencmd get_throttled`. Ikirudisha `0x0`, mambo ni shwari. Ikirudisha `0x50005`, bodi inapata umeme hafifu na kasi imebanwa sasa hivi, na jambo la kwanza la kuangalia ni chaja na waya. Chaja ya simu iliyookotwa mezani ndiyo chanzo cha kawaida.

Ruhusa: hakuna ya ziada. Usakinishaji: hakuna. Uzito: karibu na sufuri, hasa ukisoma faili kwa `read` ya bash (programu inayopokea amri za teminali) badala ya kuita programu mpya kila mara. Kuhamishika ndiko kunakoishinda. Haifanyi kazi Windows, na wanaodhani WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) itawasaidia waangalie vizuri: WSL2 ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, folda ya `cpufreq` kwa kawaida haimo, na MHz inayoonekana kwenye `/proc/cpuinfo` ni ya kudumu. Vivyo hivyo kwa seva nyingi za kukodi.

Inamfaa fundi mwenye flashi ya Linux mfukoni. Unawasha laptopu ya mteja kwa flashi hiyo bila kugusa diski yake, unafungua teminali, unasoma. Pakua Ubuntu mara moja tu, mahali penye Wi-Fi ya kuaminika, kwa sababu matoleo ya sasa ya mezani yanazidi GB 5.

PowerShell kwenye Windows

Laptopu nyingi madukani zinawaka na Windows 10 au 11, kwa hiyo PowerShell, dirisha la amri la Windows, ndiyo njia ambayo wengi wataanza nayo. Ndani yake mna njia mbili zisizofanana hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi hupotezwa.

Ya kwanza ndiyo inayopatikana kwenye maelezo mengi ya mtandaoni:

`Get-CimInstance Win32_Processor | Select Name, CurrentClockSpeed, MaxClockSpeed`

Jina la `CurrentClockSpeed` linaahidi kasi ya sasa. Kwenye mashine nyingi linarudisha kasi ya msingi ileile, saa zote, iwe laptopu imetulia au inachemka. Ni namba ya kiwandani iliyovaa jina la namba iliyopimwa. Itumie kujua jina la prosesa na kasi ya msingi. Kwa kazi hiyo ni nzuri, na ni ya haraka. Maelezo ya zamani hutumia amri ya `wmic` kwa jambo hilohilo. Microsoft imeiacha amri hiyo, na Windows 11 za sasa haziji nayo tayari, kwa hiyo usiandike skripti mpya inayoitegemea.

Ya pili ndiyo ya kweli:

`Get-Counter '\Processor Information(_Total)\% Processor Performance'`

Hii hutoa asilimia. Mia moja ni kasi ya msingi, chini ya mia prosesa imepunguza mwendo, na juu ya mia imepanda kwa Turbo Boost. Chukua `MaxClockSpeed` kutoka kwenye amri ya kwanza, zidisha kwa asilimia hii, gawanya kwa mia. Prosesa yenye msingi wa 2400 ikionyesha 120, inaenda kwa 2880. Kwa mistari mitatu ya skripti:

`$msingi = (Get-CimInstance Win32_Processor).MaxClockSpeed`
`$asilimia = (Get-Counter '\Processor Information(_Total)\% Processor Performance').CounterSamples[0].CookedValue`
`[math]::Round($msingi * $asilimia / 100)`

Ni wastani wa viini vyote kwa sekunde moja, kwa sababu `Get-Counter` hungoja sekunde nzima kabla ya kujibu. Hilo ni jema. Linakuzuia kuuliza ovyo. Usitie amri hii ndani ya programu inayohitaji jibu la papo hapo, basi.

Ruhusa ya msimamizi kwa kawaida haihitajiki kusoma. Kikwazo ni kwamba Windows ya kawaida hukataa kuendesha faili za `.ps1` mpaka uruhusu, kwa hiyo iite hivi: `powershell -ExecutionPolicy Bypass -File kasi.ps1`. Usakinishaji hakuna. Kuhamishika: Windows tu. Tena, jina la kaunta hufuata lugha ya mfumo, kwa hiyo laptopu iliyotoka Ujerumani ikiwa bado na Windows ya Kijerumani haitalitambua jina la Kiingereza.

Inamfaa mnunuzi anayetaka kupima mashine palepale kaunta, na muuzaji anayetaka kumwonyesha mteja kwamba mali yake ni nzima. PowerShell ipo tayari kwenye kila Windows, na muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukukatalia dakika tano.

Python na psutil

`import psutil`
`print(psutil.cpu_freq())`

Mistari miwili, na psutil, maktaba ya Python ya kusoma hali ya kompyuta, inakupa vitu vitatu: `current`, `min` na `max`, vyote kwa megahezi. Ni msimbo safi, na mwanafunzi anayejenga programu yake ya kufuatilia kompyuta ataupenda.

Lakini rudi kwenye kigezo cha kwanza. Waandishi wa psutil wenyewe wanasema wazi kwamba kwenye Linux `current` ni kasi ya wakati huo, na kwenye mifumo mingine kwa kawaida ni kasi ya kudumu. Kwa maneno mengine, kwenye Linux psutil inasoma faili zilezile tulizozisoma kwa `cat`, na kwenye Windows inakurudisha kwenye namba ya kiwandani. Skripti haibadiliki hata herufi moja, lakini maana ya jibu inabadilika chini yake. Anayechora grafu ya laptopu mbili, moja ya Linux na nyingine ya Windows, atapata mstari unaopanda na kushuka na mwingine ulionyooka, na anaweza kuhitimisha kwamba ya pili ni imara zaidi. Si imara. Haijapimwa.

Kwenye Linux unaweza kuandika `psutil.cpu_freq(percpu=True)` upate kila kiini peke yake. Bila hivyo unapewa wastani. Kwenye baadhi ya mashine pepe inarudisha `None`, kwa hiyo skripti iangalie hilo kabla ya kugusa `.current`, la sivyo itakufa usiku wakati hakuna wa kuiona.

Ruhusa: hakuna. Usakinishaji: Python, kisha `pip install psutil`. Pakiti yenyewe ni ndogo. Usipotaka kulipa bando kwa kila mashine, ipakue mara moja kwa `pip download psutil`, ibebe kwa flashi, kisha uisakinishe kwa `pip install --no-index --find-links . psutil`. Mashine unayoipelekea iwe na mfumo uleule na toleo linalokaribiana la Python. Uzito: mkubwa kidogo kuliko bash, kwa sababu Python yenyewe lazima iwake, lakini ikishawaka na kulala sekunde moja kati ya vipimo, huioni.

Nguvu yake halisi haiko kwenye kasi ya prosesa. Iko kwenye kila kitu kingine kinachokuja nayo: asilimia ya matumizi, RAM, betri na, kwenye Linux, joto. Kasi peke yake ni taarifa pungufu. Kasi iliyoandikwa kando ya joto na hali ya chaja inaeleza kilichotokea.

turbostat

Hii ni programu inayotoka kwenye msimbo wa keneli ya Linux wenyewe. Kwenye Ubuntu huja na pakiti za `linux-tools`. Huendeshwa hivi:

`sudo turbostat --quiet --interval 5 --show CPU,Avg_MHz,Busy%,Bzy_MHz,CoreTmp,PkgWatt`

Safu mbili za MHz huwachanganya wengi. Fikiria matatu ya Kisumu kwenda Busia. Unaweza kugawanya kilomita kwa muda ilipokuwa barabarani tu, au ukajumlisha na muda iliokaa stejini ikingoja abiria. `Bzy_MHz` ni hesabu ya kwanza, kasi ya kiini kilipokuwa kazini. `Avg_MHz` ni ya pili, inahesabu na usingizi. Mashine iliyotulia inaweza kuwa na `Avg_MHz` ya 40 na `Bzy_MHz` ya 1800 kwa wakati mmoja, na zote mbili ni sahihi. Unapotafuta kama prosesa imebanwa, soma `Bzy_MHz`.

Kwa ukweli wa namba, kati ya hizi nne, turbostat ndiyo inayokaribia kaunta zenyewe zaidi, na haikuachi ukisie sababu: joto liko kwenye `CoreTmp` na wati ziko kwenye `PkgWatt`, mstari uleule. Prosesa ya wati 15 kama i5-6300U ikiganda kwenye 1200 huku joto likigonga karibu na nyuzi 100, tatizo ni upoaji. Ikiganda hapo ikiwa na nyuzi 50 na wati chache, joto halihusiki, na utaanza kushuku chaja, betri au mipangilio.

Bei yake ni ruhusa. Inahitaji `sudo`, na wakati mwingine `sudo modprobe msr` kwanza. Haiendi Windows. Haiendi ARM. Kwenye AMD baadhi ya safu huenda zisiwepo. Na pakiti lazima ilingane na keneli unayoendesha, jambo linalosumbua ukiwa umewasha kwa flashi na huna intaneti.

Fundi anayelipwa kwa kutafuta chanzo cha ugonjwa, si dalili tu, ana haki ya kuijifunza. Mwingine yeyote anaweza kuishi bila hii.

Jambo linalozikabili zote nne

Hakuna skripti kati ya hizi inayokuambia lolote kuhusu afya ya laptopu ikiwa laptopu imekaa tu. Prosesa isiyo na kazi inatakiwa kushuka. Ndivyo inavyookoa betri. Ipe mzigo kwanza. Kwenye Linux, andika `yes > /dev/null &` mara nyingi kama idadi ya viini, na ukimaliza `killall yes`. Kwenye Windows, fungua madirisha kadhaa ya PowerShell na kwenye kila moja andika `while($true){}`. Subiri. Sekunde za mwanzo laptopu karibu zote hupaa kwa turbo na kumfurahisha mnunuzi. Ukweli hujitokeza baada ya dakika tano hadi kumi, joto likishapanda na kutulia.

Joto la mahali nalo linahesabika. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi. Kisumu iko chini kando ya ziwa, karibu mita 1,130, na saa nane mchana ndani ya duka lenye mabati mashine inavuta hewa ya moto tangu mwanzo. Laptopu ileile haitatoa namba ileile mahali pote pawili. Ukilinganisha mashine mbili, zilinganishe chumba kimoja, saa moja, mzigo mmoja.

Halafu chaja. Baadhi ya laptopu za ofisi huitambua chaja kwa pini ya katikati. Zikipewa mbadala wa bei nafuu zisioutambua, hukataa kuchaji betri na kubana prosesa hadi megahezi 800 au chini yake, na zinabaki hapo hata chini ya mzigo mkubwa. Mwenye mashine husema imezeeka. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, endesha skripti kwa chaja ya asili, kisha kwa betri peke yake ikiwa imejaa, kisha kwa chaja aliyokuja nayo mteja.

Kulingana na hali yako

Uko dukani, pesa bado iko kwenye M-Pesa, na laptopu inaendesha Windows: PowerShell, ile ya `% Processor Performance`, chini ya mzigo, dakika kumi. Asilimia ikikaa mia au juu yake, upoaji unafanya kazi. Ikizama chini ya mia na kubaki huko, chomoa chaja na uirudishe, hakikisha mpango wa umeme si wa kubana matumizi, pima tena. Ikirudi palepale, omba bei ishuke au uangalie nyingine.

Wewe ni fundi na unapokea mashine za kila aina, nyingine zenye Windows iliyoharibika: flashi ya Linux na `cat`. Haijali kilichomo kwenye diski. Ukiwa na nafasi, andaa flashi inayohifadhi mabadiliko na uweke turbostat humo mapema, ukiwa na intaneti, ili siku ya kesi ngumu usianze kutafuta pakiti.

Unafanya mradi wa chuo unaorekodi kasi kwa siku nzima: psutil, kwenye Linux. Andika saa, kasi, joto na hali ya umeme kwenye faili ya CSV kila sekunde tano, na uifunge faili baada ya kila mstari ili stima ikipotea usipoteze kazi ya asubuhi. Mradi ukilazimika kuendesha Windows, chukua RAM na asilimia ya matumizi kwa psutil, lakini kasi ichukue kwa kuita ile kaunta ya PowerShell ndani ya Python.

Una maabara ya shule yenye kompyuta zinazofanana na unataka tu kujua ipi imeanza kuchoka: usihangaike na usahihi wa mwisho. Skripti moja ya PowerShell kwenye flashi, iendeshwe kwenye kila mashine chini ya mzigo uleule wa dakika kumi, ikiandika jina la kompyuta na asilimia kwenye faili moja. Panga orodha kutoka chini kwenda juu, na mashine tatu za mwanzo ndizo za kufungua na kupuliza vumbi kabla muhula haujaanza.